Walidhani mtoto anaogopa jukwaa

Ujumbe wa kwanza uliingia saa kumi na dakika 40 alfajiri: "Dada, shughuli ipo au haipo?" Wa pili ukafuata kabla hajaipata miwani yake. Hadi anawasha taa ya jikoni, kundi la WhatsApp la wazazi lilikuwa na jumbe 26, karibu zote zikiuliza jambo hilohilo.

Akafunua pazia. Gari lake halikuonekana. Mahali alipoliacha jana yake palikuwa na kichuguu cheupe, na kioo cha pembeni kimechomoza kama sikio.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Februari, Brooklyn Park, kitongoji kilicho kaskazini mwa jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Utabiri ulikuwa umesema theluji ya sentimita 10. Usiku mmoja ilishuka karibu 30. Na kwenye ukumbi wa shule, mwendo wa dakika kumi kwa gari, kulikuwa na viti vilivyopangwa tangu Ijumaa jioni, piano iliyokwisha kurekebishwa sauti, medali ndani ya boksi, na ratiba ya siku mbili yenye majina ya watoto 38.

Mama huyo ana miaka 43, mzaliwa wa Njombe. Siku za kawaida ni muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya kulea wazee. Hakuwahi kuandaa mashindano ya kitu chochote. Aliwahi kuongoza kamati ya harusi, na alidhani tofauti si kubwa.

Wazo lilianzia nyumbani kwake. Binti yake wa miaka 12 anapiga klarineti kwenye bendi ya shule. Kule watoto wengi huanza kushika ala wakifika darasa la tano hivi, na mzazi hulipa kodi ya ala hiyo kila mwezi. Mtoto anajifunza nota, anakwenda mazoezini, na mara moja moja shule inafanya onyesho jioni. Mzazi wa zamu ya jioni anafika viti vinakunjwa. Mama huyo alikosa maonyesho matatu mfululizo. La tatu binti yake hakumwambia kabisa kama lipo.

Alipolisimulia hilo kazini, akakuta wenzake nao wana kidonda hichohicho. Wakenya walikumbuka tamasha lao la muziki la shule, lililoanza mwaka 1927, na jinsi shule nzima ilivyokuwa ikiwasindikiza wanakwaya hadi kwenye basi. Watanzania wakakumbuka kwaya na ngoma za UMITASHUMTA. Baba mmoja kutoka Bukavu akasema yeye hana tamasha la kukumbuka, ila ana watoto wanne na fidla mbili. Kamati ikaundwa pale pale, kwenye chumba cha chakula: wanawake wanne, na yule baba wa Bukavu akapewa kushika fedha kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na kalamu.

Walikubaliana mambo machache ya busara. Watoto wasipangwe wa kwanza hadi wa mwisho, bali jaji ampe kila mmoja kiwango chake, kama yanavyofanya mashindano ya muziki ya shule za huko: dhahabu, fedha au shaba. Watoto kumi wanaweza kupata dhahabu siku moja, na pengine asipate hata mmoja. Kila mtoto apige kipande kimoja alichofundishwa shuleni na kimoja kutoka nyumbani, iwe wimbo wa bibi au mdundo wa ngoma. Na ratiba ifuate zamu za wazazi, maana ndicho kilichowakutanisha.

Kuandaa jambo la namna hii ni hesabu za dakika. Mtoto mmoja alipewa dakika kumi: sita za kupiga, mbili za jaji kuandika, mbili za kupanda na kushuka. Majaji walikuwa wawili, walimu wa muziki waliokubali nauli na chakula tu. Chumba cha kupashia ala moto kilikuwa kimoja, kidogo, cha kutosha watoto sita. Na hapo ndipo mama huyo alipoandika ile sentensi.

Aliandika ujumbe mrefu wa maelekezo Jumatano usiku. Sehemu kubwa ilihusu ala, kwa sababu mmoja wa majaji alikuwa amemwonya. Fidla isibaki kwenye buti la gari hata dakika 20. Mbao husinyaa kwa baridi na gundi huachia. Klarineti ya mbao ikipulizwa pumzi ya moto ikiwa bado ya baridi inaweza kupasuka. Tarumbeta iachwe ndani ya boksi lake mpaka izoee joto la chumba. Ngoma ya ngozi isiwekwe karibu na hita, kwa kuwa hewa kavu huikaza ngozi mpaka ikachanika. Yote hayo ni kweli, na wazazi walishukuru.

Kisha akamalizia: "Kwa kuwa chumba ni kidogo na korido ziwe kimya, ambao zamu yao bado dakika 30 wasubiri na watoto kwenye magari. Tutawaita kwa simu."

Aliipenda sentensi hiyo. Ilitatua tatizo la korido kwa mstari mmoja.

Alfajiri ile ya Jumamosi mumewe alisimama mlangoni akiangalia nje, akamkumbusha kwamba Desemba 2010 theluji ya siku mbili iliangusha paa la uwanja wa Metrodome hapo hapo Minneapolis. "Paa la uwanja mzima, mama. Wewe unapeleka watoto."

"Lile lilikuwa paa la kitambaa, baba," alimjibu. "Na mechi haikufutwa, waliihamisha."

Ni kweli, mechi ilihamishwa. Lakini si paa lililokuwa kichwani mwake. Fedha za ukumbi zisingerudi kama wangeahirisha ndani ya siku tatu. Walikuwapo watoto walioshika vipande vyao kwa moyo tangu Oktoba. Wapo pia wazazi waliobadilishana zamu na watu wasiopenda kubadilishana. Na, kusema ukweli, alikuwapo binti yake, ambaye safari hii mama alikuwa amemwahidi kukaa kiti cha mbele.

Wenyeji wa Minnesota hawafuti jambo kwa sababu ya theluji, wanalichelewesha. Shule zao hutangaza kuanza saa mbili baadaye ili magreda yapite. Akafanya hivyo hivyo. Saa kumi na moja na nusu aliandika: "Shughuli ipo. Tunaanza saa tano badala ya saa tatu. Anayeona barabara kwake haipitiki asitoke, atapangiwa kesho." Kisha akavaa buti, akachukua koleo, akaanza kulitafuta gari lake.

Inafaa kusema hapa kwamba hakukosea kuendelea. Barabara kuu zilikuwa zimesafishwa na kumwagiwa chumvi kufikia saa tatu asubuhi, jua likatoka, na kati ya watoto 22 wa siku ya kwanza walifika 20. Mabibi wa Njombe na Kisii walikuwa wakitazama kwa simu za video. Mapishi yalikuwa mezani: maandazi, sambusa, chupa nne za chai ya tangawizi. Msichana wa miaka saba aliimba wimbo wa kumbembeleza mtoto bila ala yoyote, na jaji mmoja akasahau kuandika.

Nje ilikuwa nyuzi 17 chini ya sifuri.

Kijana wa miaka tisa, mpiga tarumbeta, alitoka na baba yake St. Cloud, kama kilomita 90 kaskazini magharibi. Zamu yake ilikuwa saa nane na nusu mchana. Baba, akihofia barabara, aliondoka mapema mno, akafika kabla ya saa saba. Ni baba wa Kikenya, mtu wa utaratibu. Aliegesha kwa kurudi nyuma, kama alivyozoea, ili akitaka kuondoka atoke moja kwa moja. Nyuma ya mstari ule wa magari palikuwa na tuta la theluji iliyosukumwa asubuhi. Aliingiza gari mpaka liliposimama lenyewe. Kisha akafuata maelekezo: akapeleka tarumbeta ndani ili izoee joto, akarudi kusubiri na watoto garini, mpigaji na mdogo wake wa kike wa miaka mitatu. Injini aliiacha ikiwaka, hita juu, vioo vimefungwa.

Saa nane na robo aliingia ukumbini amemshika kijana mkono. Mtoto alikuwa amepauka. Alifika kwenye sinki la korido, akatapika.

Waliokuwa karibu walicheka kwa upole, kicheko cha watu wazima wanaojua. "Woga wa jukwaa huo, pole mwanangu." Mama mmoja akasimulia alivyotapika kabla ya kukariri shairi mbele ya mkuu wa wilaya. Mwingine akaleta chai ya tangawizi. Kijana akasema kichwa kinamuuma na sakafu inatembea. Wakamwambia avute pumzi ndefu, ikifika zamu yake itakwisha yenyewe.

Kundi lile halikukosa watu wa afya. Nusu ya wazazi wale ni wauguzi au wasaidizi wa wauguzi. Mmoja alitoa mkobani kile kifaa kidogo kinachobana kidole kupima oksijeni. Kikasoma 99. "Haya, yuko sawa kabisa," alisema, na alikuwa na kila sababu ya kuamini hivyo.

Mwandaaji alikuwa akipita na ratiba mkononi, amechelewa dakika nane, akitaka tu kujua kama kijana atapanda au abadilishane na anayefuata. Alimtazama mtoto. Halafu akamtazama baba, aliyekuwa ameegemea ukuta, vidole viwili kwenye paji la uso.

"Shemeji, na wewe unaumwa?"

"Kichwa tu, dada. Ni hii safari."

Njombe ni mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake haina utani. Nyumba nyingi za wakati wake zilipashwa joto kwa jiko la mkaa lililoingizwa chumbani jioni. Bibi yake alikuwa na neno lake kwa maumivu yanayokuja baada ya hapo. Aliyaita kichwa cha mkaa. Na alikuwa na kanuni: watu wawili waliolala chumba kimoja wakiamka wote na kichwa, usiwaulize walikula nini, waulize jiko lilikuwa wapi.

"Mlikuwa wapi muda wote huu?"

"Kwenye gari, kama mlivyosema."

"Injini inawaka?"

"Ingekosaje, dada, na baridi hii?"

"Na mdogo wake yuko wapi?"

Baba alimtazama kana kwamba swali limetoka mbali. "Amelala. Nimemwacha dakika moja tu, nimlete huyu."

Waliomwona mama huyo akikimbia wanasema hakuvaa koti. Baba alimfuata akiyumba. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, joto zuri likawapiga usoni, na hakukuwa na harufu yoyote. Mtoto alikuwa kwenye kiti chake, kofia ya sufu kichwani, mashavu yana rangi. Alimwita, hakuitika. Alimtoa, akamgeuza uso kwenye upepo ule wa nyuzi 17, akamtikisa. Mtoto akafungua macho, akayafunga. Akayafungua tena, akaanza kulia kwa sauti.

Baba alizima injini. Kisha akazunguka nyuma ya gari na kusimama pale. Ekzosi haikuonekana. Ilikuwa imezama ndani ya tuta.

Gesi inayozungumziwa hapa ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hutoka popote moto unapoungua: injini ya gari, jenereta, jiko la mkaa. Gari linaposimama na ekzosi imeziba, moshi hukosa njia, hurudi chini ya gari na kupenya ndani. Ukishauvuta, gesi hiyo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na oksijeni hukosa pa kukaa. Mtu huanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu. Hufanana na mafua, ila homa hakuna. Kisha huja usingizi. Watoto wadogo huathirika haraka kwa sababu wanapumua kasi kuliko mtu mzima.

Na kile kifaa cha kidole? Hupima kwa mwanga, kwa kuangalia wekundu wa damu. Damu iliyobeba kaboni monoksaidi nayo ni nyekundu, na kifaa cha kawaida hakijui kutofautisha. Kilisoma 99 kwa mtoto aliyekuwa ameanza kukosa hewa. Wauguzi wengi walifundishwa hilo darasani. Wachache hulikumbuka wakiwa na kikombe cha chai mkononi.

Simu ya 911 ilipigwa. Wakati gari la wagonjwa likisubiriwa, mama huyo alirudi ukumbini, akapanda jukwaani katikati ya zamu ya mtoto mwingine, binti wa miaka 14 aliyekuwa kwenye ukurasa wa pili wa kipande cha piano alichokifanyia kazi miezi minne. Akamwekea mkono begani, akamsimamisha.

"Kila mwenye gari lenye mtu ndani, aende sasa hivi amtoe. Mtoto, mzazi, yeyote. Mzime injini. Sielezi, nendeni."

Walikagua maegesho yote. Magari tisa yalikuwa na watu ndani, saba kati yake injini inawaka. Hakuna mwingine aliyekutwa anaumwa. Moja zaidi lilikuwa limerudishwa nyuma mpaka ekzosi ikagusa theluji, imeyeyusha shimo dogo jeusi la kupumulia. Lingine vumbi la theluji lilikuwa limefika nusu ya bomba. Watoto wote wakaletwa kwenye ile korido iliyotakiwa kuwa kimya, wakakaa sakafuni na makoti yao, wakala maandazi yaliyotengwa kwa ajili ya majaji.

Mama wa mpiga piano hakufurahi. Alisema, na si kwa kunong'ona, kwamba binti yake amekatishwa mbele ya watu, na kwamba gari la mtu mmoja lisingepaswa kusimamisha watoto ishirini. Ni rahisi kumhukumu mama huyo. Lakini binti yake alikuwa analia nyuma ya pazia, na mzazi huona kwanza kilio kilicho mbele yake. Alirudi baadaye kuomba radhi, akiwa na blanketi mbili kutoka kwenye gari lake.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walikuja na kifaa cha aina nyingine, kinachoweza kuikisia gesi hiyo kwenye damu. Waliwapima baba na watoto wote wawili, wakawavisha barakoa za oksijeni hapo hapo korido, wakaondoka nao. Oksijeni safi ndiyo dawa. Mtu akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi iliyo kwenye damu huchukua saa nne hadi sita kutoka. Akivuta oksijeni safi, huchukua kama saa moja na nusu. Kijana alitaka kujua kama barakoa itaharibu midomo yake ya kupulizia. Tarumbeta ilibaki ukumbini, kwenye joto lake zuri.

Mashindano yalirudi baada ya dakika 50. Binti wa piano alianza upya tangu mwanzo. Zamu zilizobaki zilipita bila tatizo, isipokuwa zamu moja: binti wa mwandaaji alipanda na klarineti yake saa kumi na robo, akapiga vipande viwili, na kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Mama yake alikuwa kwenye maegesho na simu sikioni, akiongea na hospitali.

Usiku ule nyumbani hakula. Alikaa mezani na simu, akiusoma upya ule ujumbe wake wa Jumatano. Hospitali ilikuwa imempigia baba ruhusa ya kuondoka na watoto kabla ya saa sita usiku. Damu zao zilikuwa zimesafika, wangelala kwa ndugu yao mjini. Alikwishaambiwa hivyo mara mbili. Bado aliusoma.

Binti yake alikuja kuchukua maji. Akasimama nyuma yake, akausoma pia.

"Mama, umeandika fidla zisikae kwenye gari," alisema. "Na klarineti. Na tarumbeta."

"Nimeandika."

"Halafu watoto ndio wakae."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesahihisha hesabu. Mama yake alinyamaza muda, kisha akamwomba radhi kwa kile kiti cha mbele. Binti akajibu kwamba alimwona kupitia dirishani, bila koti, na kwamba nota za mwisho alizipiga haraka ili yaishe amletee.

Saa nne usiku jumbe zikaanza tena. Minneapolis ilikuwa imetangaza dharura ya theluji: tangu saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi hakuna kuegesha pande zote mbili za barabara zilizotengwa, ili magreda yasafishe, na atakayesahau gari lake litavutwa. Wazazi wawili walikuwa tayari wanatafuta pa kulipeleka gari. Akapanga upya zamu za Jumapili mpaka saa saba usiku. Zilizotoka asubuhi zikaenda mchana, korido ikawekewa mikeka na viti, chumba cha kupashia ala kikahamishiwa kwenye stoo ya ukumbi. Kelele zingekuwapo, majaji wakaulizwa, wakasema watavumilia.

Kisha akaandika: "Kesho ala, watoto na wazazi, wote ndani. Nilikosea kuwaambia msubiri kwenye magari. Anayewasha gari azunguke kwanza nyuma aitazame ekzosi, na theluji iondolewe pande zote kabla mtoto hajaingia. Ukisikia kichwa ndani ya gari au nyumbani, na mwenzako naye anasikia, tokeni nje kwanza, mengine baadaye."

Mtu mmoja akajibu kwa kuuliza kama nyumbani inatosha kuwa na kile king'ora cha ukutani. Ni swali zuri. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha gesi hiyo karibu na kila chumba cha kulala, na kimeokoa wengi. Lakini hakuna anayekifunga kwenye gari. Na kwa ndugu walioko Makete, Lushoto, Mbulu au Limuru, ambako msimu wa baridi jiko huingia ndani baada ya chakula cha jioni, king'ora hicho ni nadra. Kilichopo ni kulitoa jiko nje kabla ya kulala, hata kama makaa yameanza kufifia. Makaa yanayofifia bado yanatoa gesi. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kumlinda aliyelala na jiko chumbani.

Jumapili walifika wote, hata wale wawili waliokwama Jumamosi. Korido ilikuwa kama soko. Katikati ya fidla mtoto mmoja aliuliza kwa sauti choo kiko wapi, na kwenye rekodi ya video swali lake linasikika vizuri kuliko fidla.

Kijana wa tarumbeta alipangwa wa mwisho, saa kumi jioni. Daktari alisema anaweza kupuliza kama anajisikia vizuri, asilazimishwe. Hakulazimishwa, alikuwa amewaamsha wote saa kumi na mbili asubuhi. Alipiga kipande cha shule, kisha wimbo wa kwao ambao baba yake alianza kuuimba chini chini akiwa kitini, na mdogo wake akapiga makofi mahali pasipostahili. Nota ya juu ya mwisho ilimkatikia. Ilitoka hewa tu.

Akapewa fedha.

Alitoka nje amenuna, medali imefichwa mfukoni. Watu wazima walijaribu kumweleza kwamba kwa mambo yaliyompata jana, fedha ni zaidi ya dhahabu. Hakutaka kusikia. Alisema jana hakuna aliyemsikia akipiga, kwa hiyo hayahusiani, na kwamba jaji mwenyewe ameandika kwenye karatasi: pumzi imeisha mapema, mazoezi ya nota ndefu.

"Shikamoo, anti," alimwambia mwandaaji aliyekuja kuwaaga, bado amenuna. "Mwakani yapo?"

"Marahaba, mwanangu. Yapo."

"Februari tena?"

Mama huyo akasema kamati itakaa. Baba alikuwa tayari kwenye maegesho. Safari hii gari lilitazama ukuta, na nyuma yake palikuwa wazi. Hata hivyo alikuwa amepiga magoti kwenye theluji na koleo la kuazima, akichimba kuzunguka ekzosi ambayo haikuwa na kitu, huku watoto wake wawili wakimsubiri kando, wameshikana mikono, mvuke ukiwatoka mdomoni.